Tangazo la makochi ni safi kwenye kompyuta, kwenye TV halisomeki. Nimekosea wapi?

Mchoraji wa Umoja

Hamjambo wenzangu. Kazi yangu ni kuchora. Nilianza na ubavu wa matatu, nikaingia kwa mabango ya maduka na kadi za harusi, na miaka mitatu sasa nakula kutokana na matangazo ya simu, yale ya Facebook na Instagram. Bango la barabarani halinitishi. Mwezi huu nimepata kibarua ambacho sijawahi kukishika: tangazo la picha moja isiyosonga, litakalokaa kwenye ukurasa wa kwanza wa apu ya filamu kwenye TV. Ile sehemu kubwa ya juu ambayo mtu anakutana nayo akishawasha, kabla hajachagua cha kutazama.

Mteja ni mzee anayetengeneza makochi Ngong Road, kabla hujafika Racecourse. Ni fundi wa kweli, ukikaa kwenye kochi lake mgongo wenyewe unashukuru. Amelipia wiki mbili kwa pesa aliyokuwa amewekea mbao za msimu ujao, kwa hiyo kwake huu si mchezo. Wenye apu walinitumia mstari mmoja tu wa maelekezo: pikseli 1920 kwa 1080, JPEG au PNG, faili isizidi kilobaiti 500.

Nilichora hivi. Kochi la kahawia limejaa skrini nzima. Nyuma yake ukuta wa mbao, kahawia iliyokolea, nambari ya rangi 6B4226. Juu yake maneno mekundu, FF0000: "Tunawatengenezea makochi ya kisasa kwa bei nafuu kabisa, tunapeleka hadi mlangoni kote Nairobi na vitongoji vyake". Nembo ya mzee juu kushoto, msimbo wa QR chini kushoto, nambari ya simu chini kulia. Kwenye kompyuta yangu nililala nikiwa nimeridhika.

Jumamosi nikaenda dukani na kiungo cha majaribio walichotupa. Mzee ana TV ya inchi 43 ukutani, kisanduku cha Android kimechomekwa nyuma. Tukafungua. Tarakimu ya mwisho ya simu imeliwa nusu. Maneno mekundu yamevimba, yana ukungu pembeni kama yameandikwa kwenye kioo chenye mvuke. Nembo imekaliwa na menyu ya apu. QR nilijaribu kuisoma nikiwa mlangoni, ikakataa mpaka niliposogea hatua mbili kutoka ukutani. Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Akaniambia, "Kijana, mbona kochi langu limekuwa shimo?"

Sikuwa na jibu. Nisaidieni: pembeni niache kiasi gani? Herufi ziwe na ukubwa gani? Na hii QR niibakize, au badala yake niweke till, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa? Kazi mpya inatakiwa Ijumaa na sitaki pesa ya mzee ipotee mikononi mwangu.

Fundi wa Luthuli

Ndugu, hilo la pembeni kuliwa nalijua, maana TV ndizo ninazofungua hapa Luthuli Avenue kila siku.

Zile TV za zamani zenye mgongo mkubwa, mwale wake haukuwa ukichora ukingo kwa usahihi. Watengenezaji wakawa wanaikuza picha kidogo ili ukingo mbovu ufichwe nyuma ya fremu. Skrini bapa hazina shida hiyo, lakini tabia ilibaki. TV nyingi bado zinaikuza picha inayoingia kwa waya wa HDMI. Kisanduku cha mzee kinapita HDMI, ndiyo maana namba yake ya simu ilikatwa. Apu ileile ikifunguliwa ndani ya TV yenyewe, bila kisanduku, kwa kawaida huioni imekatwa.

Kwenye mpangilio wa picha kuna mahali pa kuzima. LG huita Just Scan, nyingine huita kwa majina yao. Nenda umzimie mzee, lakini usidhani umemaliza, kwa sababu watu wa Nairobi hawaingii kwenye mpangilio. Wakinunua TV hapa dukani ikiwa kwenye ile hali ya rangi kali tunayowekea ili ivutie mpita njia, itakaa hivyo mpaka siku inarudi kwangu imeungua taa. Nyekundu yako tayari ni ya mwisho kabisa. Kwenye hali hiyo TV inaisukuma zaidi, ikivimba usiilaumu.

Kiasi cha kuacha: mwongozo wa Android TV unasema asilimia 5 kila upande. Kwa picha yako ni pikseli 96 kushoto na kulia, na 54 juu na chini. Apple TV wao wanataka 80 na 60. Chukua kubwa katika kila pande uwe salama kote.

Mama Brashi

Mdogo wangu, fundi amemaliza habari ya ukingo, sitairudia. Mimi naanza na mzee, maana ndiye aliyeona tatizo lenyewe. Kochi limekuwa shimo.

Nachora picha za TV mwaka wa saba huu. Kabla ya hapo nilichora vifungashio vya unga na sabuni. Kazi yangu ya kwanza ya TV ilikuwa chupa ya mafuta ya kupikia. Chupa ya njano, nikaiweka kwenye mwanga wa njano wa jua la asubuhi, nikaipenda hasa. Kabla ya kuituma nilipita kwa shangazi yangu Kayole. Ana TV ya inchi 32 juu ya kabati, na kochi lake liko ukuta wa pili, kama mita tatu. Nikachomeka flashi nyuma ya TV, nikaifungua picha. Shangazi alikuwa anachambua sukuma wiki kwenye sinia. Akainua macho, akarudi kwa sukuma yake, akauliza, "Hiyo juisi wanauza pesa ngapi?"

Nilirudi nyumbani nikaanza upya usiku uleule. Tangu siku hiyo hakuna picha ya TV inayotoka kwangu bila kupita sebule ile. Utaratibu ni uleule: naiweka, nahesabu kimoyomoyo moja hadi tatu, naizima, namwuliza ameona nini. Simwulizi kama ni nzuri. Shangazi ananipenda, atasema ni nzuri.

Ukurasa wa kwanza wa apu si mahali pa kusoma. Mtu ametoka kazini, ameshika rimoti, kidole kiko kwenye kitufe cha kushuka, anatafuta kipindi alichokiachia katikati. Tangazo lako linapita kati yake na kipindi chake. Kwenye simu ulizoea mtu anayeshika skrini karibu na pua, na akitaka anavuta picha ikue. Kwenye TV hawezi kuvuta kitu. Kilichokuwa kidogo kinabaki kidogo.

Kama huna sebule ya kuazima usiku huu, fanya hivi. Igeuze simu ulalo, picha ijae kutoka juu hadi chini, halafu ishike nusu mita kutoka machoni. Picha hiyo ina upana wa kama sentimita 12. TV ya inchi 32 ina upana wa kama sentimita 71. Ukigawa kila upana kwa umbali wake, sentimita 12 kwa nusu mita na 71 kwa mita tatu zinakaribia kulingana kabisa. Kwa hiyo ukiona vile simu inavyokuonyesha hapo, umeona kile shangazi anachoona. Sasa iangalie ile "kote Nairobi na vitongoji vyake" yako.

Herufi. Kwenye TV hiyo ya inchi 32 pikseli moja ni zaidi kidogo ya theluthi ya milimita. Fonti ya pikseli 24, ambayo kwenye kompyuta ni kubwa ya kutosha, herufi yake kubwa inasimama milimita 6 hivi. Chora herufi ya milimita 6 kwenye karatasi, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua nne. Mimi sishuki chini ya 48 kwa neno lolote, hata la bei, na neno kuu naanzia 80. Fonti iwe na mwili. Zile nyembamba za kisasa zinakatika katikati kama uzi.

Hapo ndipo lugha yetu inapotudai akili. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Tunawatengenezea" ina herufi 16. Ukiiandika kwa pikseli 60 neno hilo peke yake linakula zaidi ya robo ya upana wa skrini, na bado hujasema unauza nini. Ukilikata kwa kistari limekufa. Kwa hiyo usichukue maneno ya bango ukayapunguza ukubwa wa fonti. Chukua nomino, acha vitenzi virefu. Una maneno 16, ukinipa manne nitafurahi. Mimi ningeandika "Makochi ya Ngong Road" basi, na jina la mzee. Bei nafuu kila mtu anasema. Lakini Ngong Road kila mtu wa mji huu akiisikia anaona makochi yamepangwa kando ya barabara, kazi hiyo umeshafanyiwa.

Rangi nimekupigia hesabu. Kuna kipimo cha uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, nyeupe juu ya nyeusi ni 21 kwa 1. Mwongozo wa WCAG, ule wa tovuti, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa. Nyekundu yako juu ya kahawia yako inatoa 2.2 tu. Nyeupe juu ya kahawia hiyohiyo inatoa 8.6. Jicho liliona rangi mbili tofauti kwenye kompyuta ukadhani zimetengana, ila kwa mwangaza zimelala kitanda kimoja. Igeuze picha yako iwe nyeusi na nyeupe dakika moja, maneno yatapotea mbele ya macho yako.

Na huo ukungu wa pembeni una sababu ya pili mbali na aliyosema fundi. Unapobana JPEG ifike kilobaiti 500, programu nyingi hutunza mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huigawa, pikseli nne zinatumia rangi moja. Kwa picha ya kochi hutaona. Kwa maneno mekundu yanayotofautiana na nyuma yake kwa rangi tu, si kwa mwangaza, ukingo wote unayeyuka. Maneno meupe yanaponea hapo. Nyeupe yenyewe usiweke ile ya mwisho, taa za sebule zikizimwa inachoma macho. Mimi natumia F0F0F0.

Menyu kukalia nembo ni kosa lao kutokukuambia, lakini ni kazi yako kuuliza. Kila apu ina vitu inavyoweka juu ya picha yako: menyu upande wa juu au kushoto, kivuli cheusi kinachoshuka kutoka kushoto ili jina na kitufe visomeke, na chini safu ya kadi za filamu inayochungulia. Waandikie leo waombe picha ya ukurasa wao ulivyo, uiweke kama tabaka la juu unapochora. Wasipokupa, piga picha ya TV ya mzee kwa simu, ukiwa umesimama sawa mbele yake, ipime mwenyewe. Mara nyingi utakuta kona tatu si zako na kilicho chako ni upande wa kulia, kuanzia katikati. Kochi likae huko. Kushoto paache patulie.

Waulize pia kama wanataka toleo la kadi ndogo, maana huja kukuomba Alhamisi usiku. Kadi ya pikseli 320 kwa 180 ukiitazama kutoka kwenye kochi ni sawa na kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kilichoshikwa nusu mita. Hapo neno moja au hakuna.

Sasa kochi. Usilitengeneze kwenye kompyuta, litakusumbua bure. Rudi kwa mzee, mkalitoe nje lile moja analolipenda zaidi, mliweke mbele ya ukuta wa rangi ya krimu au hata shuka la krimu lililotandazwa likanyooka. Saa kumi jioni, jua likiwa limeanza kushuka. Lipige kwa pembeni kidogo ili mkono mmoja wa kochi uje mbele na mwili wake uonekane. Kochi la kahawia mbele ya ukuta wa kahawia halina mwisho wala mwanzo, ndiyo maana mzee aliona shimo. Kisha weka kitambaa kimoja cheupe cha kufuma kwenye mgongo wa kochi, vile mama zetu wanavyoweka. Kinachora ukingo wa kochi bila wewe kuchora kitu, na kila aliyelelewa kwenye sebule ya mji huu anajua hapo ni nyumbani kwa mtu.

Mchoraji wa Umoja

Dada, nimeigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kama ulivyosema. Maneno yamepotea kabisa. Nimekaa nikiitazama dakika nzima.

Kesho jioni naenda kupiga picha upya, mzee amekubali. Ila amekataa kata kata kuitoa QR. Mwanawe amemwambia tangazo lisilo na QR ni la kizamani, na mzee ameniomba kwa upole kabisa niibakize. Na mimi moyoni naona haifai lakini sijui nimwambie nini kwa hesabu.

Karani wa Nafasi

Mimi nanunua nafasi za matangazo kwa niaba ya wateja, nyingi ni za TV. Hesabu ya kumwambia mzee ni hii.

Wachapaji wana kanuni ya zamani: umbali wa msomaji ugawe kwa 10, ndio ukubwa wa msimbo. Mita tatu inadai msimbo wa sentimita 30. TV ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40. Msimbo utakula robo tatu ya kimo cha skrini, kochi likae wapi? Kamera za simu za siku hizi zinasoma kwa mbali zaidi ya kanuni hiyo, lakini si simu zote zilizo sebuleni ni za siku hizi.

Mwanawe mzee huenda anakumbuka lile tangazo la Coinbase, kampuni ya sarafu za kidijitali, kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Februari 2022: QR peke yake ikielea kwenye skrini nyeusi dakika nzima, watu wakafurika mpaka huduma yao ikaanguka kwa muda. Lile lilifaulu kwa sababu skrini haikuwa na kitu kingine, na mtu alipewa sekunde 60 za kuinuka na kutafuta simu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa apu mtu anabonyeza rimoti na kwenda.

Kuna mahali pengine QR inapokaa vizuri: tangazo linalotokea mtu akisimamisha filamu. Hulu, apu ya filamu ya Marekani, walianza kuyauza 2019. Mtu amesimamisha mwenyewe, kaenda kumimina chai, anarudi na simu mkononi, picha bado ipo. Kama apu hiyo inauza nafasi hizo, mshauri mzee ahamishie huko pesa ya siku chache, mwanawe apate QR yake. Ukiichora, kiungo kiwe kifupi. Cha herufi 30 kinaingia kwenye msimbo wa miraba 25 kwa 25. Ukibandika kile kirefu cha herufi 100 chenye alama za ufuatiliaji unafika 37 kwa 37, miraba inakuwa midogo kwa ukubwa uleule wa msimbo. Pembeni acha nafasi tupu ya miraba minne pande zote, na msimbo uwe mweusi juu ya kitu cheupe. Usiupake rangi ya nembo.

Till sahau kwa kazi hii. Till ni nzuri kwa pizza. Hakuna mtu anayetuma elfu themanini kwa M-Pesa kwa kochi aliloliona kwenye TV. Ataenda kulikalia kwanza. Kwa hiyo anachotakiwa kubaki nacho kichwani ni jina na barabara, na hapo dada ameshakuandikia.

Jambo moja kando: ukimpiga picha mtu juu ya kochi, andikisheni idhini, na akiwa mtoto mzazi ndiye anayetia sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inagusa hata karakana ya makochi.

Mama Brashi

Karani, nakuunga mkono kwenye till. Kwenye QR ningemwacha mzee ajionee. Mdogo wangu, chora matoleo mawili, moja na QR moja bila, umwonyeshe kwenye TV yake akiwa amekaa mahali wateja wanakaa, simu yake mwenyewe mkononi. Usimbishie mzee kwa hesabu za sentimita. Mpe simu aisome.

Mchoraji wa Umoja

Nimerudi. Ni Alhamisi, saa tano usiku.

Tulipiga picha jana. Mzee hakutaka kuchagua kochi moja, alizunguka karakana kama anayechagua mtoto wa kwenda naye safari, mwishowe akaleta la watu watatu lenye miguu aliyoichonga kwa mkono. Ukuta wa krimu hatukuwa nao, jirani anayeuza magodoro akatuazima shuka, vijana wawili wakalishika kwa juu. Kitambaa kilitoka kwa mkewe mzee, amekifuma mwenyewe, ana tabia ya kukihesabu kila kikirudi.

QR: mzee alikaa, akanyoosha simu yake, akangoja. Akasogea mbele kwenye kiti. Akangoja tena. Kisha akaiweka simu chini akaniambia, "Toa. Weka kochi likue." Hatukubishana hata kidogo. Mwanawe nimempa namba ya wenye apu aulizie nafasi za wakati wa kusimamisha.

Wenye apu walijibu barua yangu leo asubuhi na picha ya ukurasa wao. Dada, kona tatu kweli si zangu. Na kivuli cha kushoto kinafika karibu na katikati, kirefu kuliko nilivyodhania.

Jaribio la sekunde tatu nimelifanya kwa mama mwenye nyumba wangu hapa Umoja, TV yake ni ya inchi 32 pia. Mara ya kwanza nilipozima na kumwuliza ameona nini, alisema, "Kitambaa. Ni cha nani, kimefumwa vizuri." Nikamwuliza kingine, akasema kochi. Jina la mzee hakuliona. Nikarudi chumbani. Kitambaa kilikuwa kimeshuka mpaka kwenye kiti na ndicho kilikuwa cheupe kuliko kitu chochote kwenye picha, hata kuliko maneno. Kwenye kompyuta nimekikunja kikabaki kwenye kona ya mgongo tu, nikakipunguza weupe kidogo, na jina nimelipandisha kutoka 80 hadi 96, F0F0F0, kwenye ile sehemu ya kivuli ambapo pametulia. Nikashuka tena na flashi. Alikuwa ameshafunga mlango, akanifungulia kwa lesso begani. Moja, mbili, tatu, nikazima. Akasema, "Makochi ya Ngong Road." Halafu akataja jina la mzee. Halafu akauliza kama wanapeleka mpaka Umoja.

Faili imetoka kilobaiti 412. Natuma asubuhi. Mzee ameomba nimchapishie ile picha, isiyo na maneno, aitundike pale TV ilipo.